Kupanda Upareni na watoto: kioo cha mlango nacho kikaguliwe Same

Kwa abiria wengi wa basi la Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha, Same ni mji wa kupita. Basi linasimama, maji na biskuti vinauzwa dirishani, basi linaondoka. Kwa familia ambazo kwao ni Mbaga, Mamba, Chome au Gonja, Same ndiko safari yenyewe inakoanza. Barabara kuu inaachwa nyuma, gari linaelekezwa milimani, na baba anashuka kukagua. Anayapiga matairi teke, anatazama maji na oili, anavuta kamba za mzigo wa juu. Mama anahesabu watoto na mabegi. Kioo cha mlango wa nyuma, kile ambacho mtoto wa mwisho amekiegemea akiwa usingizini tangu Korogwe, hakitazamwi na mtu.

Si ajabu. Kioo cha mbele kikipata ufa, dereva anauona kila dakika, na askari wa usalama barabarani atauona pia. Kasoro ya kioo cha mlango iko pembeni, na jicho huizoea haraka. Katika magari ya zamani yanayopanda Pare si jambo geni kukuta kioo kimoja kilichomeguka kona, au kilichobandikwa gundi ya karatasi, au kilichozuiwa kwa kabari ya mti ili kisizame mlangoni. Mwenye gari atasema kimekaa hivyo miaka na hakijamdhuru mtu, na huenda anasema kweli. Lakini mzazi ana swali lake: kikivunjika leo, kitatoa vipande vya namna gani, na nani atakuwa amekaa pale?

Milima ya Pare Kusini inasimama ghafla juu ya nyika kavu. Mji wa Same uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Shengena, ndani ya msitu wa hifadhi wa Chome, kinafika karibu mita 2,460, na ndicho kirefu kuliko vyote Upareni. Chini ni mkonge, miiba, vumbi na joto linalopita nyuzi 30 mwanzoni mwa mwaka. Juu ni migomba, kahawa, mashamba ya tangawizi ya Mamba Miamba na maji yaliyokusanywa kwenye ndiva, malambo madogo ya jadi ambayo Wapare huyafungulia kwa zamu ili kumwagilia. Kuna pia ukungu, ambao mwezi Julai huwafanya watoto wa mjini kulilia masweta yale yale waliyokataa kuyapakia. Mvua zikizidi, milima hii hutisha. Novemba 2009 maporomoko ya udongo yaliua watu wapatao 20 katika kijiji cha Goha, huko huko Mamba Miamba.

Njia za kupanda ni kadhaa. Iko inayotoka Same kupitia Mwembe hadi Mbaga. Iko inayozunguka milima kwa upande wa mashariki, ikipita karibu na lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi na kwenda Kisiwani, Maore na Ndungu, na kutoka huko barabara ndogo zinachepuka kupanda. Wengine huingilia Makanya kwenda Suji. Za chini zimekuwa zikiwekwa lami kipande kwa kipande. Zinazopanda zina sura moja: upande mmoja ukuta wa mlima uliochongwa, upande wa pili bonde, kona fupi zinazofuatana, na mahali pa kupishana ambapo gari moja lazima lijibane ili jingine lipite.

Hapo ndipo milango inapopata taabu. Kwetu magari hupita kushoto. Ukuta wa mlima ukiwa kushoto, milango ya upande huo ndiyo inayosuguana na vichaka gari linapojibana, na tawi kavu likinaswa kwenye kioo cha pembeni huweza kujikunja na kukichapa kioo cha mlango wa nyuma. Milango ya kulia nayo hupokea vijiwe vinavyorushwa na magurudumu ya gari linaloteremka. Dereva mwenye uzoefu akiona lori la tangawizi linakuja huwaambia abiria wafunge vioo, na wengi hudhani anakwepa vumbi tu.

Vumbi lenyewe ni kazi nyingine. La tambarare ya Same ni laini kama unga, lakini ndani yake mna chembe za mchanga. Huingia kwenye manyoya ya reli, ule utepe laini unaokishika kioo kinapopanda na kushuka, na baada ya muda utepe hugeuka msasa. Kila kioo kinapofunguliwa, mchanga unachora mstari wa wima. Jua la asubuhi likipiga kwa pembeni mistari hiyo huonekana wazi, hata kwenye gari lililooshwa jana.

Kisha kuna kujipinda. Land Rover za zamani na Land Cruiser za kazi zimejengwa juu ya chesisi ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi, na nguvu yake porini ni kwamba hukubali kupindika kidogo. Gurudumu la mbele kushoto likikanyaga jiwe na la nyuma kulia likizama shimoni, bodi nzima hujikunja, fremu ya mlango ikiwamo. Mpira wa kioo ukiwa mzima hubeba mkunjo huo. Mpira uliokauka kwa jua la nyika haubebi kitu, na kioo kinaanza kugusa chuma.

Ili kujua lini kioo kibadilishwe, ni lazima kujua kwanza kwamba gari lina vioo vya aina mbili. Cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobandikwa pamoja, katikati kukiwa na utando wa plastiki. Chanzo chake kinatajwa kuwa mwaka 1903, wakati mkemia na msanii wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, alipoangusha chupa ya maabara akaona imepasuka lakini haikutawanyika, kwa sababu ndani ilikuwa na tabaka lililokauka la dawa iliyowahi kuwekwa humo. Alikipatia hati miliki mwaka 1909. Kioo cha namna hii kikipigwa na jiwe hupata kijitobo au ufa, na fundi mwenye vifaa huweza kujaza kijitobo kidogo kwa gundi maalumu, gari likaendelea na kazi.

Cha mlango, katika magari mengi, ni kioo kimoja kilichokazwa kwa moto. Kiwanda hukikata kwanza kwa umbo lake, hukipasha moto hadi nyuzi 600 na kitu, kisha hukipuliza hewa baridi ghafla pande zote mbili. Uso wa nje hupoa na kuganda mapema, katikati hupoa baadaye na kutaka kusinyaa, na mvutano huo unabaki humo maisha yote ya kioo. Ngozi ya nje imebanwa, moyo wake unavutwa. Ndiyo maana kioo hicho kina nguvu mara kadhaa kuliko cha kawaida, na ndiyo maana kikishindwa hakishindwi nusu. Ufa ukifika kwenye moyo unaovutwa, kioo chote hulipuka mara moja na kuwa chembe ndogo kama punje za mahindi.

Wazazi wenye watoto wadadisi wanaweza kuwasimulia matone ya Prince Rupert, yaliyowashangaza wasomi wa London katika miaka ya 1660. Tone la kioo kilichoyeyuka huangushwa kwenye maji baridi, likaganda kama kiluwiluwi chenye mkia. Kichwa chake kinaweza kupigwa nyundo kisivunjike. Mkia ukikatwa kwa vidole, tone zima linasambaratika kuwa unga. Kioo cha mlango kinafuata kanuni hiyo hiyo. Uso wake ni kichwa cha tone, na ukingo wake unakaribiana na mkia.

Kwa hiyo mtu anayesema kioo chake cha mlango kina ufa mrefu, tangu Krismasi iliyopita, na bado kimesimama, ametoa taarifa nzito bila kujua. Kioo kilichokazwa hakikai na ufa. Ama ni kizima, ama kimekwisha. Kioo cha mlango chenye ufa unaotambaa taratibu ni kimojawapo kati ya viwili: ni cha tabaka mbili kama cha mbele, jambo ambalo lipo kwenye baadhi ya magari mapya ya bei kubwa, au ni kioo cha dirisha la nyumba ambacho mtu alikikata na kukipachika pale.

La pili linaeleweka sana mtu akilijua gari lenyewe. Vioo vya milango ya Land Rover za zamani ni bapa, havina mbinuko. Katika zile za kabla ya katikati ya miaka ya 1980 vioo vya milango ya mbele haviteremki, vinatelezeshwa tu mbele na nyuma ndani ya reli. Fundi wa madirisha mwenye rula na almasi ya kukatia anaweza kumaliza kazi kwa nusu saa, kwa bei ndogo, na macho yasione tofauti. Tofauti huonekana siku ya ajali. Kioo cha dirisha la nyumba hakitoi punje. Kinatoa visu, virefu na vyenye ncha, vinavyobaki vimechomoza kwenye reli kwa urefu ule ule wa shingo ya mtoto aliyekaa.

Na katika gari hizo ukaaji wenyewe unaongeza hatari. Land Rover ndefu za abiria mara nyingi zina mabenchi ya nyuma ya kutazamana, na anayekaa hapo anakipa kioo cha ubavu mgongo na kisogo. Wakubwa hupenda viti vya mbele. Nyuma wanapangwa watoto, kwa kuwa ni wadogo na wanabanana vizuri.

Kukitambua kioo halisi si kazi ngumu. Kwenye kona, mara nyingi ya chini, kuna muhuri uliochomwa kiwandani na haufutiki kwa kukwangua. Kwenye Land Rover huwa kuna jina Triplex na neno “Toughened”. Kwenye Toyota nyingi zenye vioo vya kampuni ya Asahi ya Japani kuna neno “Temperlite”. Vioo vya viwanda vingine huandikwa “Tempered”. Vilivyopitishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 43 vina herufi E na tarakimu ndani ya duara. Kona zote zikiwa tupu, mzazi ana haki ya kutilia shaka. Njia nyingine ni miwani ya jua ya aina inayopunguza mng'ao: dereva akiivaa na kutazama kioo kilichokazwa kwa pembe, huona madoa au michirizi hafifu ambayo macho matupu hayaoni. Hayo ni mabaki ya ile hewa baridi ya kiwandani.

Kipimo cha tatu ni fundi mwenyewe. Kioo kilichokazwa hakikatiki tena wala hakitobolewi; almasi ikikigusa kwa nguvu kinalipuka. Fundi anayekikata kioo mbele ya mteja ili kikae mlangoni anakata kioo cha aina nyingine, hata akiapa.

Je, kisichovunjika bado, kibadilishwe lini? Ukingo ndio wa kutazama kwanza. Kioo kiteremshwe nusu, mtu apitishe macho, si kidole, kwenye ukingo wa juu na kona zake. Kimeguo, hata kidogo kama punje ya mchele, kinatosha kuwa sababu ya kubadilisha kabla ya kupanda, hasa kikiwa kona ya nyuma ya mlango ambapo fremu hupindika zaidi. Hakuna gundi inayorudisha ule mbano wa nje uliopotea, na fundi anayejaza kimeguo cha kioo cha mlango anaziba kwa ajili ya macho tu.

Mikwaruzo ni suala la kina. Tabaka lililobanwa ni kama sehemu moja ya tano ya unene kila upande. Kwa kioo cha milimita 4, hiyo ni karibu milimita 0.8. Mistari ya vumbi haifiki huko. Inaudhi, usiku huvunja mwanga wa taa za gari linalokuja, lakini inaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Mkwaruzo unaokamata ukucha ukipitishwa juu yake ni habari nyingine, na alama ya jiwe iliyoacha kijishimo cheupe ni hivyo hivyo. Hivyo havistahili safari ya mlimani na mtoto pembeni.

Kinachosahaulika zaidi ni kioo kizima kinachocheza. Kikitikisika barabarani, kikipanda kimeinama upande mmoja, au kikizama chenyewe, mara nyingi kosa si la kioo bali ni la mashine ya kioo, reli au mpira. Kinagonga chuma mara mia kila kilomita. Mpira na manyoya ya reli ni spea za bei nafuu kuliko kioo, na kuzibadilisha mapema ndiyo njia ya kuokoa fedha. Manyoya yaoshwe kwa maji na brashi laini, yasipakwe oili. Oili hukamata vumbi na kuufanya msasa kuwa mkali zaidi. Tabia ya kuubamiza mlango kioo kikiwa nusu ndiyo ya kuwakataza watoto kabisa. Kioo kisichoshikwa juu hupiga mlango kwa ndani kama ulimi wa kengele.

Wapo wanaolaumu baridi ya Shengena baada ya joto la Same. Kwa kioo kizima lawama hiyo si ya haki. Kilichokazwa huvumilia tofauti ya joto kubwa kuliko yoyote itakayotokea kati ya nyika na msitu. Kikipasuka usiku wa ukungu, mara nyingi kilikuwa na kimeguo kilichofichwa ndani ya reli tangu zamani.

Mzazi asiye na fedha ya kioo halisi leo, afanye nini? Karatasi ya plastiki na gundi pana ni ya kulifikisha gari gereji, si ya likizo nzima. Inazuia kuona, inapiga kelele, na ikichomoka kwenye kona humshtua dereva wakati mbaya. Plastiki ngumu ya kuona hukatika kwa urahisi na haitoi visu, lakini vumbi la Same huitia ukungu ndani ya miezi. Filamu nyeusi hushikilia vipande kikivunjika, haikiongezei kioo nguvu, na usiku kwenye kona za Mbaga humnyima dereva kuona ukingo. Kwa Land Rover zenye vioo bapa kuna njia ya kati isiyojulikana sana: kioo bapa cha tabaka mbili, cha aina ile ile ya kioo cha mbele, hukatika bila kulipuka na kikivunjika vipande hubaki vimeshikana. Kingo zake zisagwe vizuri na unene wake ulingane na reli. Kati ya hicho na kioo cha dirisha la nyumba hakuna cha kujadili.

Nondo zilizochomelewa dirishani ndizo mbaya kuliko vyote. Kioo cha mlango ni mlango wa pili. Gari likilala ubavu, au likizimika kwenye maji ya mvua chini ya milima, watu hutokea dirishani. Kioo kilichokazwa hupasuliwa kwa kupiga kona yake kwa kitu kigumu chenye ncha. Katikati huweza kugoma.

Kwa familia nyingi tatizo si elimu wala hata fedha, ni siku. Waadventista wa Sabato walianza kazi Upareni mwaka 1903 na hadi leo vijiji vingi vya Pare Kusini huutunza ukimya wa Jumamosi. Anayetoka Dar es Salaam Ijumaa alfajiri anataka awe nyumbani kwa wazee kabla jua halijazama. Akifika Same saa tisa alasiri na kioo kilichomeguka, hasubiri fundi. Anasema atashughulikia wakati wa kurudi, watoto wanapangwa pale pale, gari linapanda. Kioo cha Land Cruiser au Land Rover si lazima kipatikane Same siku hiyo hiyo, hivyo ukaguzi wenye maana ni wa wiki moja kabla, nyumbani. Aliyeko Dar es Salaam ana Gerezani na Kariakoo. Aliyeko kaskazini ana Moshi na Arusha. Arusha ndiko magari haya yaliko kwa wingi kwa sababu ya utalii; Oktoba 2024 mji huo uliandaa tamasha zima la Land Rover. Penye magari mengi ya aina moja, spea zake hupatikana, na kioo cha mtumba chenye muhuri wa kiwandani na ukingo usiomeguka ni bora kuliko kipya kisicho na jina.

Kama imeshindikana, hatua ya chini ni kubadilishana nafasi. Mtoto ahamishwe upande wenye kioo kizima au katikati, mkanda ufungwe, na pembeni mwa kioo kibovu ukae mzigo laini wa nguo. Mtu mzima naye asikiegemee.

Wanaopitia Mkomazi wana sababu ya ziada. Eneo hilo lilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na likawa hifadhi ya taifa mwaka 2008, limepakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, na lina tembo, mbwa mwitu na faru weusi wanaotunzwa ndani ya uzio. Watoto hulipenda, nalo liko jirani kabisa na mji. Kanuni ya hifadhini ni kubaki ndani ya gari, na kubaki ndani kunadhani kwamba vioo vinafunga. Nyani hahitaji zaidi ya pengo la kiganja na mtoto mwenye ndizi.

Kioo kikivunjika huko juu, jambo la kwanza ni macho. Mtoto atataka kujifikicha. Mikono yake ishikwe. Chembe ndogo zioshwe kwa maji safi mengi yanayomiminwa taratibu kutoka upande wa puani kwenda nje. Kipande kilichochoma jicho kisivutwe. Jicho lifunikwe kwa kitu kisicholigandamiza, kama kikombe kidogo safi, na safari ya hospitali ianze: ya wilaya iko Same, kwa walio upande wa mashariki kuna hospitali ya Kilutheri ya Gonja, na kwa jeraha zito la jicho KCMC ya Moshi ina idara ya macho.

Vipande vilivyobaki kwenye fremu visiachwe vianguke njiani. Hubandikwa gundi pana, hufunikwa kitambaa kinene, kisha husukumwa nje na mtu aliyevaa glavu, watoto wakiwa mbali na wamevaa viatu. Kifuniko cha kiti cha mtoto kivuliwe na kikung'utwe, na mikunjo ya mikanda ipekuliwe. Gundi hiyo hiyo pana, ikigandamizwa kwenye kiti na zulia, huokota chembe ambazo ufagio huziacha.

Kazi isiyofanywa na wengi ni ya ndani ya mlango. Punje nyingi za kioo hudondokea humo, huziba matundu ya chini yanayotoa maji ya mvua, na mlango huanza kuoza kwa kutu kutoka ndani. Nyingine hunaswa kwenye mashine ya kioo na kukikwaruza kile kipya kwenye ukingo wa chini, mahali ambapo hakuna atakayeona. Fundi anayepachika kioo kipya bila kuvua kadibodi ya mlango na kunyonya au kukung'uta vilivyo ndani aombwe arudie. Mlango ukifungwa na bado ukasikika unachezesha kitu kama njugu, kazi haijaisha.